Msumari wa Tatu Kutoka Mlangoni

Msumari wangu ulikuwa wa tatu kutoka mlangoni. Asubuhi niliyoukuta mtupu, mkono wangu wa kulia ulikuwa bado umefungwa bandeji hadi begani, na nilikuwa nimekuja kazini na furaha zangu zote, kitenge kipya, na mfuko wa machungwa ya kuwagawia wenzangu. Misumari mingine saba ilikuwa na aproni zake. Wangu ulikuwa na kutu tu. Nikasimama pale jikoni kama mtu aliyesahau alichotumwa. Zaituni, mhudumu niliyemfundisha mimi mwenyewe kushika sahani nne kwa mpigo, aliniona, akainama, akaanza kufuta meza iliyokuwa safi. Kwa miaka tisa niliyopika pale, kila mmoja wetu alijua maana ya msumari mtupu.

Watu hudhani nililia kwa ajili ya mkono. Hapana. Supu iliunguza ngozi, na ngozi inarudi, hata kama inarudi na mikunjo. Msumari ndio ulionimaliza. Lakini nisianze na machozi, maana mtu aliyeigongomelea ile misumari alikuwa na vituko, na nikimsema bila kumcheka nitakuwa sijamsema yeye.

Sisi tulimwita Mama. Madereva wa malori walimwita Bosi. Hapa nitamwita Mwenye Hoteli, kwa sababu nikilitaja jina lake Mikumi, watu watasimama kumtetea kabla hawajasikia kosa. Wengine nitawataja bila kumung'unya.

Hoteli yenyewe ilikuwa kando ya barabara kuu, ukumbi wa chakula mbele, vyumba sita vya gesti nyuma, na uwanja wa vumbi ambao malori ya Zambia yaliugeuza kwao. Wafanyakazi tulikuwa wanane. Yeye alikuwa mwanamke mfupi wa milimani Vidunda, mwenye miguu mikubwa na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Hakuwa na cheti cha kuongoza watu. Mimi mwenyewe niliishia darasa la nne, kwa hiyo cheti sikumdai.

Kuajiri kwake kulikuwa hivi. Ukija kuomba kazi, hakuulizi umetoka wapi wala umefanya kazi gani. Anakupa kikapu cha vitunguu, pamoja na waombaji wengine wawili, na visu vitatu. Kimoja kikali, viwili butu kama vijiko. Halafu anakwenda zake kuongea na madereva, mgongo amewapa, lakini kumbe anawaona kwenye kioo cha kabati la soda. Anayewahi kisu kikali, hamchukui. Ndivyo alivyowapata Zaituni na Mzee Lukwele, muosha vyombo wetu, ambaye inasemekana alimenya kwa kucha.

Mimi nilikiwahi kisu kikali. Sisemi uongo. Nilikuwa nimetoka Kidodi kwa miguu nusu ya njia, nina njaa, sikuwa na muda wa adabu. Nikamenya vitunguu vitano nikaona wenzangu wanalia, nikachukua kile kisu kibutu cha jirani nikakinoa kwenye ngazi ya saruji, kisha na cha pili. Mwenye Hoteli akaja akasimama juu yangu.

"Wewe ni mroho," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Lakini ngazi yangu umeichubua kwa faida ya wenzako. Jina?"

"Siwema."

"Siwema, utapika supu. Msumari wa tatu."

Basi, nikaajiriwa.

Alikuwa na neno lake moja alilolirudia mpaka utingo wa malori wakawa wanalimalizia: "Hapa hakuna ndugu, kuna zamu." Ukichelewa kwa sababu ya msiba, zamu. Ukiwahi kwa sababu huna pa kwenda, zamu. Mjomba wake mwenyewe aliwahi kuja kula akaagiza kama anaamrisha kwake, akaambiwa akae asubiri nyuma ya dereva wa mbao. Mzee wa watu akasubiri. Alipoondoka, Mwenye Hoteli alimpigia magoti uani na kumwomba radhi, tukiwa tunachungulia wote wanane. Lakini zamu hakuibadilisha.

Na Jumatano! Kila Jumatano tulibadilishana kazi. Mpishi anakwenda kuhudumia, mhudumu anakwenda jikoni, wa kaunta anafagia vyumba vya gesti, na yeye Mwenye Hoteli anaosha vyombo. Alisema mtu hawezi kumdharau anayemjua kazi yake ilivyo nzito. Ni kweli, baada ya Jumatano moja kwenye karai la masufuria sikumtupia tena Mzee Lukwele sufuria lenye ukoko bila kulilowesha kwanza. Lakini chakula cha Jumatano, jamani! Dereva mmoja wa lori la mafuta alikuwa akifika anauliza getini, "Leo siku gani?" Akiambiwa Jumatano, anasema, "Basi soda na biskuti." Na Mwenye Hoteli mwenyewe kwenye kuosha alivunja sahani kuliko sisi wote. Ikivunjika, anaangalia huku na huku, anasukuma vipande chini ya meza kwa mguu. Mzee Lukwele akimwambia, "Mama, nimesikia," yeye anajibu, "Umesikia jana."

Kusifu hakujua. Ukipika ukajipita mwenyewe, wateja wakalamba vidole, atakuja jikoni aonje, akune shingo, aseme, "Umejitahidi kidogo." Lakini mwanangu alipolazwa kwa malaria, nilikaa naye siku nne, na niliporudi nilikuta supu imepikwa na yeye mwenyewe siku zote nne, ili asimwite mpishi mwingine ashike upawa wangu. Ilikuwa supu mbaya. Madereva waliinywa wamefumba macho, kwa heshima.

Asubuhi zetu zilianza na sinia. Kabla ya mlango kufunguliwa, wote wanane na yeye wa tisa tunakaa chini kwenye mkeka, ugali au wali uliobaki na maharage ya moto, sinia moja kubwa. Na kulikuwa na sheria. Mwenye neno anasema kabla ya kunawa. Ukishasema, birika linasimama. Hakuna anayemiminiwa maji mpaka yule aliyesemwa ajibu. Ajibu kweli, mbele ya wote. Chakula kinapoa, tumbo linalalamika, watu wanakutumbulia macho, lazima utajibu tu. Nimeona magomvi ya wiki nzima yakiisha kwa sababu maharage yanapoa. Na yeye alikuwa ndani ya sheria hiyo. Zaituni aliwahi kumwambia, "Mama, jana ulinikaripia mbele ya wageni na kosa lilikuwa lako." Birika likasimama. Mwenye Hoteli akavuta pumzi, akatazama ugali, akasema, "Lilikuwa langu. Mimina."

Sasa mtu wa namna hiyo, anayeweza kusema "lilikuwa langu" mbele ya muosha vyombo, anayeweza kumtoa dereva mlevi nje kwa kumshika sikio, alikuwa hawezi kitu kimoja. Hakuweza kumfukuza mtu kazi kwa mdomo wake. Alikuwa anakuja alfajiri, anaitoa aproni yako kwenye msumari, anakwenda kujificha. Hamisi wa chipsi, ambaye pombe zilikuwa zimemshinda, alikuta msumari wake mtupu akadhani aproni iko kwa dobi. Akakaa kumsubiri Mama amuulize. Mama yuko stoo, kajifungia na magunia ya mchele na unga. Hamisi akasubiri mpaka saa sita mchana, na Mama akakaa stoo mpaka saa sita mchana. Mimi ndiye niliyempitishia uji dirishani. Alikuwa anatokwa na jasho, mashavu yana unga, ananinong'oneza, "Kashaondoka?" Tulicheka wiki nzima. Mimi nilicheka kuliko wote, na hilo nalikumbuka vizuri.

Jambo jingine alilolijenga, na ndilo hasa lililonifanya niandike, lilikuwa Moto na Pita. Kati ya jiko na ukumbi palikuwa na mlango mmoja mwembamba wenye pazia, na kila kitu kilipita hapo. Kwa hiyo alitufundisha: ukibeba chombo cha moto unasimama nyuma ya pazia, unapaza sauti, "Moto!" Aliye upande wa pili anajibu, "Pita!" Usipojibiwa hutembei, hata kama ukumbi mzima unakugongea meza. Alitufanyisha mazoezi wiki nzima kwa sufuria ya maji baridi. Anajibanza upande wa pili kimya, na ukipita bila kujibiwa anakugonga makusudi ulowe. Mimi nililowa mara tatu. Baada ya hapo hata nyumbani nikibeba chai nilikuwa nasema "Moto!" na wanangu wanajibu. Miaka yote hiyo hakuna aliyeungua hata kidole pale mlangoni.

Kisha magoti yake yakaanza kukataa. Akawa anakaa zaidi kwa binti yake Kilosa mjini, anakuja Mikumi mara moja kwa wiki mbili. Na yule wa "hapa hakuna ndugu" akamleta mtoto wa dada yake kuwa meneja.

Fredi. Naandika hivyohivyo, Fredi. Alitoka Morogoro na kompyuta ya kukunja, viatu vyenye ncha, na neno "timu" mdomoni. Siku ya kwanza alitukalisha kwenye viti kwa duara, akatoa mpira mdogo, tukawa tunarushiana, na aliyeudaka anataja nguvu aliyonayo katika timu. Mpira ukamfikia Mzee Lukwele. Akaushika, akaugeuza, akasema, "Nguvu yangu ni kuamka mapema. Huu mpira nani ataosha?" Fredi akaandika kitu kwenye kompyuta.

Hakuwa mtu mbaya wa sura. Alitusalimia shikamoo wakubwa wote, alituletea fulana za rangi moja. Lakini sinia akaifuta, akasema si usafi na inakula saa za kazi, kila mtu ale nyumbani kwake. Jumatano akaifuta, hiyo wateja walimshukuru. Na Moto na Pita akaifuta, kwa sababu wazungu wa hifadhini walikuwa wameanza kusimama kwetu kula, na eti walikuwa wanashtuka.

"Timu ya kisasa haipigi kelele," akasema. Akafunga kengele ndogo pale mlangoni na nyingine kaunta. Mlio mmoja, chakula kiko tayari. Milio miwili, chombo cha moto kinapita.

Nikamwambia, "Fredi, kengele haijibu."

"Dada Siwema, utazoea."

"Mimi nitazoea. Aliye upande wa pili je? Nitajuaje kama amesikia?"

"Ndiyo maana tunasema kuaminiana," akanijibu, akatabasamu.

Nikampigia simu Mwenye Hoteli siku ileile. Nilisimama nyuma ya gesti kwenye mtandao mzuri. Nikamwambia, "Mama, wamefuta Moto. Njoo useme neno." Nikamsikia anahema. Akasema, "Mwache mtoto ajifunze, Siwema." Maneno yake ni hayo, sijaongeza hata moja.

Ajali ikawa Jumamosi mchana. Tembo walikuwa wamekaa barabarani kule hifadhini, mabasi yakazuiliwa, na yalipoachiwa yakafika kwetu mawili kwa pamoja, abiria wana njaa ya kula meza. Nilikuwa na sufuria kubwa ya supu ya utumbo. Nikagonga kengele mara mbili kwa kiwiko. Wakati huohuo wa kaunta akagonga yake mara moja. Zaituni yuko ukumbini, kelele za abiria, amesikia milio, hajui ni mingapi na ya nani, akaja mbio kuchukua chakula. Tukakutana kwenye pazia. Yeye alirukwa na mchuzi kwenye kanga. Mimi ilinimwagikia kuanzia begani hadi vidoleni.

Nililazwa wiki sita. Na hapa ndipo unapomjua mtu, na ndipo usipomjua. Mwenye Hoteli, na magoti yale, alikuja kila Ijumaa kutoka Kilosa na chupa ya supu ya kuku. Ananinywesha kwa kijiko, anapuliza kwanza. Ananichana nywele. Muuguzi alidhani ni mama yangu mzazi, na sikumkatalia. Wiki zote hizo hakuniambia kwamba ukutani kule kaunta kulikuwa na karatasi iliyoandikwa kwamba ajali imetokana na uzembe wa mpishi, kupita bila kutoa tahadhari. Niliisoma siku ya machungwa, polepole, kwa kidole, kwa mkono wa kushoto. Zaituni alikuwa ametia sahihi kama shahidi. Zaituni, uliyesikia milio kwa masikio yako mwenyewe.

Mikumi ni barabara moja. Karatasi ile ilifika hoteli zote kabla yangu. Nilikokwenda kuomba jiko niliulizwa, "Si wewe uliyemwagia watu supu?" Sasa nauza uji penye maegesho ya malori. Vidole viwili havikunjiki, upawa naushika kwa kushoto. Madereva wa zamani wananunua wananiambia, "Dada Mpishi, umejitahidi kidogo," tunacheka. Ila mpishi siitwi tena na mtu anayeajiri.

Mwaka huu, baada ya mvua, nilikwenda Kilosa. Nilimkuta kwenye baraza ya binti yake, miguu imenyooshwa kwenye kigoda, anamenya vitunguu. Visu viwili pembeni yake. Akanipa kilicho kikali bila kuniangalia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekonda. Menya."

Tukamenya. Akanichekesha kuhusu jirani anayefuga bata wanaolala chumbani kwake. Akaniambia Fredi amejenga ukumbi wa pili. Kisha akaingia ndani kwa kujishikilia ukutani, akatoka na sinia, ugali na maharage, na birika. Akajishusha kwenye mkeka, ilimchukua muda. Akaliinua birika.

"Nawa, mwanangu."

"Bado, Mama. Nina neno."

Akacheka. "Hivi bado unalikumbuka hilo?" Lakini birika akalisimamisha hewani, mwenyewe, kwa mazoea.

"Nani alitoa aproni yangu kwenye msumari?"

Akaliweka birika chini, akavuta mfuko wa rambo uliokuwa chini ya kigoda. Ilikuwa humo. Imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa mara nne.

"Ni mimi," akasema. "Nilitoka hapa alfajiri kwa gari la nyanya. Fredi angekufukuza kwa maneno. Sikutaka ufukuzwe kwa maneno."

"Ukajificha wapi?"

"Stoo."

Nikacheka, Mungu anisamehe. Nilimwona na unga mashavuni. Yeye akacheka pia, akalishika birika tena akidhani yameisha.

"Na karatasi, Mama? Uliitia sahihi?"

"Niliitia."

"Uliisoma?"

"Niliisoma." Hakuzungusha, hilo nampa. "Abiria waliona yote, na wenye mabasi walitaka jina la mtu. La sivyo mabasi yasingesimama tena kwetu. Mngekosa kazi wote wanane. Nikamtoa mmoja."

"Hapa hakuna ndugu, kuna zamu," nikamwambia. "Zamu ya Fredi ilikuwa lini?"

Akanyoosha ukingo wa mkeka.

"Siku ulipokuwa unaninywesha supu hospitali, ulikuwa umeshaitia sahihi?"

"Nakala niliyotia sahihi ilikuwa kwenye mkoba," akasema, taratibu.

"Na simu niliyokupigia? Nilikwambia wamefuta Moto. Ulisema nini?"

Hapo hakujibu. Alitazama maharage. Mvuke ukapungua, ukaisha, yakaanza kushika utando juu. Nikamwambia ninachotaka. Sitaki aproni, sitaki pole. Nataka apande gari tufuatane Mikumi, aingie jikoni kwake, wote wakae chini kwenye mkeka, Fredi na viatu vyake, Zaituni na sahihi yake, na aseme kwa ile sauti ya milimani nani alifuta Moto na Pita, nani aliambiwa kwa simu, na kwamba Siwema alitoa tahadhari. Kisha karatasi ibanduliwe ukutani mchana, wenye mabasi wakiona.

"Magoti, Siwema," akasema.

"Alfajiri ile ya gari la nyanya yalikuwaje?"

Tulikaa mpaka chakula kikawa baridi kabisa. Hakumimina. Nami sikuila ile sinia. Nilirudi na njaa yangu kwa basi la jioni, aproni nimemwachia mkekani.

Basi nauliza tena hapa, mahali ambapo hakuna stoo ya kujificha. Fredi, uliambiwa kengele haijibu. Zaituni, ulisikia milio mingapi? Na wewe Mama, uliyetufundisha kwamba aliyesemwa hujibu kwanza ndipo watu wanawe: nilipokupigia simu nikakwambia wamefuta Moto, ulinijibu nini? Lisemee Mikumi. Birika umelishika wewe, na mikono yangu bado iko juu ya beseni, mmoja unakunjika, mwingine haukunjiki. Jibu.